Kaburi la Zizini

Siku yangu ya kwanza kazini kama mtendaji wa kijiji, kule Uchindile, Mtendaji wa Kata alinikabidhi vitu viwili: mhuri wa kijiji na daftari la wakazi. Alikuwa mama wa sauti ya chini asiyerudia maneno. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Mambo ya utawala nilijisomea mwenyewe. Kazi yako kubwa, alisema, ni barua za utambulisho, yaani karatasi ya kuiambia ofisi nyingine kwamba huyu ni mtu wetu. Wakati huo kitambulisho cha taifa kilikuwa bado hakijafika kwetu.

"Mtu akikuletea karatasi, usiifurahie upesi," aliniambia. "Karatasi inaazimwa. Kaburi haliazimwi. Muulize mzee wao kalala wapi, kisha utume mtu akaangalie."

Niliishika njia hiyo miaka yote. Nilichora hata safu zake kwenye daftari: jina, balozi wa nyumba kumi, kaburi. Ilinisaidia, na nikaacha kuichunguza.

Baadaye nilihamishiwa kijiji kimoja cha bondeni, upande wa Ifakara, chenye Wandamba, Wapogoro na wafugaji wa Kisukuma. Usajili wa vitambulisho ulipoanza, nikiwa nimeshakaa pale miaka mingi, kila fomu ilikuwa na sehemu ya maoni ya mtendaji. Fomu yenye neno "mashaka" ilitengwa na kupelekwa kwa maofisa wa uhamiaji.

Mzee Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma, alikuja na binti yake, Kabula, aliyechaguliwa chuo cha uuguzi. Bila namba ya kitambulisho asingepokelewa.

"Shikamoo mzee. Baba yako kazikwa wapi?"

"Marahaba. Leo unaniuliza kama polisi, mtendaji. Maziwa yangu ulikunywa bila fomu."

"Maziwa hayana uraia, mzee. Kazikwa wapi?"

"Zizini. Kule kwenye mji wetu wa zamani, kabla hatujahama."

"Pana msalaba? Pamejengewa?"

"Pana samadi," alisema, akacheka. "Ng'ombe walilala juu yake mpaka tulipoondoka."

Nilidhani ananidhihaki. Sisi Wapogoro wa Mahenge kaburi la mzazi tunalijengea kwa saruji, na siku ya Marehemu Wote tunalifagia. Mtu anayemlaza baba yake chini ya kwato, niliwaza, ama hana baba huko ama anaficha alikotoka. Nikaandika: "Maelezo ya asili yana mashaka."

Kabula aliiangalia kalamu yangu. "Umeandika nini, baba?"

"Maoni ya ofisi."

Chuo kikafunguliwa bila yeye. Mzee Nkwabi akaitwa mjini kuhojiwa mara tatu, na kila mara alirudi akiwa na maneno machache zaidi. Nilimweleza katekista wetu, aliyewahi kuishi Usukumani.

"Zizini anazikwa mwenye mji, baba wa kaya," alisema. "Ndiyo heshima yake. Hawaweki alama, wenyewe wanapajua. Hukumuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikwenda kwa afisa wa uhamiaji na barua ya kufuta maoni yangu. Aliisoma hadi mwisho.

"Mtendaji, juzi ulikuwa na mashaka. Leo umeyaweka wapi?"

"Nilikosea, sikuijua mila yao."

"Basi nitafutie mkazi wa zamani anayeijua familia hii. Aandike kwa kiapo, kwa jina lake. Mihuri yako ninayo miwili, na inapingana."

Balozi wao alikuwa ameshafariki. Wafugaji wenzake Mzee Nkwabi hawakuwa na vitambulisho, na waliogopa kufika uhamiaji. Jalada likabaki wazi mpaka nikastaafu, nikahamia Mlabani, pale Ifakara.

Vijana huniuliza kama ni haki mtu kudaiwa kitambulisho kila aendako. Naona ni haki, kwa mwenyeji na kwa mgeni. Lakini kadi huanza na mtu mmoja mwenye kalamu, na yule mtu hujua machache kuliko anavyodhani. Usingizi wangu hukatika hapo.

Mwezi uliopita Kabula alibisha hodi. Alileta fomu ya kiapo. Mkazi wa zamani aliyempata alikuwa mimi. Nilijaza vizuri hadi swali la nne: Umemfahamu mwombaji kwa muda gani? Nilimjua tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Nikiandika hivyo, karatasi hii italala kwenye jalada moja na maoni yangu ya kwanza, kwa mwandiko uleule, na atakayesoma ataona nilimtilia mashaka mtoto niliyemjua. Mkono ulitulia juu ya mstari.

"Wino umeisha, baba?"

"Haujaisha."

Nikaandika ukweli, nikatia sahihi. Aliisoma polepole, akaikunja mara mbili.

"Watakuita?"

"Wataniita."

"Basi ukienda," alisema, akifunga mkoba, "usisahau kitambulisho."