Mgeni wa Kiti cha Kusomea

Nilikana kwa muda mrefu, sasa nakiri: sikukusudia kumtoa yule paka. Nilimwokota mtaroni hapa mjini, mtaani kwetu Soweto, mdogo, amelowa mvua, nikawatangazia majirani kwamba ni mgeni tu. Mdogo wangu angekuja kumchukua, paka akamfukuzie panya ghalani kwake kule Rombo. Mgeni akahamia kwenye kiti changu cha kusomea. Nikawa nampikia mtori wa ndizi na nyama usio na chumvi, mimi ambaye wageni wengine nawapa chai ya rangi.

Siku moja paka amelala kifuani pangu, mdogo wangu akapiga simu.

"Dada, kesho nashuka mjini. Nimpitie paka?"

"Paka gani? Alishaondoka."

"Na huyo anayekoroma ni nani, ni shemeji?"



"Panya wa Rombo ni wakubwa mno kwake," nikasema.

"Haya, mama paka. Nitamletea dagaa."