Milimani Kidogo, Baba

Mtaani kwetu hapa Same, majirani wanaijua sauti yangu kuliko sura yangu. Wameijua kwa sababu ya antena.

Televisheni yetu ilikuwa ya kichogo, imejaa nyuma kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Juu yake mama alitandika kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kulikuwa na saa isiyotembea. Nje ya dirisha la sebuleni lilisimama bomba la chuma, na juu ya bomba antena. Sasa Same ni mji wa upepo. Jua likishaanza kuegemea, upepo unashuka, unapiga mabati, unaamsha vumbi la barabara kuu na kuigeuza antena. Picha inaganda. Mtangazaji anabaki mdomo wazi, uso wake umekatika vipande vya mraba kama vigae. Hapo baba anainuka bila kusema kitu, anatoka nje, analishika bomba. Mimi nasogea dirishani, jicho moja kwenye kioo cha TV.

"Vipi?" baba anauliza.

"Bado!"

"Sasa?"

"Milimani kidogo, baba!"

Sisi tuna pande mbili tu za dunia. Milimani ni kule iliko Milima ya Pare, barabarani ni kule inakopita lami ya Dar na Moshi. "Milimani! Milimani! Aah, umepitiliza! Rudi barabarani! Hapo hapo, usipumue!" Na baba mzima anaacha kupumua.

Asubuhi nikienda shule, mama mmoja jirani ananiambia, "Jana mlihangaika, nilikusikia. Mliwahi habari za michezo?"

Anayeniona darasani hawezi kuamini kwamba mpiga kelele huyo ni mimi. Niko kidato cha tatu. Mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, mkono wangu unakuwa mzito, namsubiri mwenzangu aseme, halafu najisifu kimoyomoyo kwamba ningepata. Nikifika kwenye kijiwe cha bodaboda navuka upande wa pili, halafu upande wa pili nako nakuta watu. Nyumbani afadhali, kwa sababu mama anaongea kwa niaba yetu sote.

Baba naye ni kama mimi, au niseme mimi ni kama yeye. Ni fundi wa mabasi. Mikono yake haitulii mpaka kitu kimekaza. Hawezi kuona nati iliyolegea akaiacha. Siku moja kanisani, matangazo yakiendelea, alikuwa anakaza mguu wa benchi kwa vidole mpaka mama akamkanyaga. Ila maneno hana. Akirudi jioni namwamkia, anaitikia marahaba, anauliza, "Shule?" Nasema, "Nzuri." Basi, tumemaliza mpaka upepo uje. Siyo kwamba tumegombana. Hatujui pa kuanzia, ndiyo hivyo. Kwenye antena tunajua.

Habari ya HD, ile picha kali isiyo na ukungu, aliianzisha mama. Mama ni fundi cherehani, anashonea barazani. Wako wateja wanaokuja na picha kwenye simu, lakini wengi wa kwake ni akina mama wa sokoni, na wao mshono wanakuja nao mikononi: wanakuchorea hewani. "Nishonee kama ile ya yule wifi mtu kwenye tamthilia ya jana. Unajua, pale mkononi palivyokuwa." Mama anasema ndiyo, anajua, kumbe alichokiona mkononi ni ukungu tu. Mara ya mwisho alikisia vitufe. Mteja akavaa, akajigeuza kwenye kioo, akasema, "Mbona nimekuwa kama koti la mgambo?" Kumbe alichotaka ni darizi.

Mama alicheka naye. Mteja alipoondoka akaacha kucheka. "Mimi nashona kwa kukisia," akamwambia baba. "Macho yangu mazima, kioo ndicho kibovu. Dunia nzima ina HD, sisi tuna kichogo."

Na mimi, sitaki kudanganya, nilikuwa naitaka hiyo HD kuliko mama. Kule madukani karibu na stendi kuna duka la vifaa vya umeme, na mwenye duka ameweka televisheni bapa inayotazama barabarani. Inaonyesha samaki siku nzima. Nikitoka shule nasimama ng'ambo, najifanya nasubiri mtu. Samaki anapita taratibu, na magamba yake yanaonekana moja moja, kila moja lina ukingo wake na mng'ao wake. Nikajiuliza: hivi kweli samaki yuko hivi, au wamempaka rangi?

Jioni moja mama alinunua perege waliotoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Kabla ya kuwaparua nilibandua gamba moja, nikalipeleka kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa na mistari ya duara, mwembamba ndani ya mwembamba, kama gogo lililokatwa. Nimeparua perege tangu utotoni na sikuwahi kuiona.

"Unampima homa huyo samaki?" mama akaniuliza.

Nilikuwa nawaza. Kama hili limenipita mkononi mwangu mwenyewe, kwenye ile TV yetu yamenipita mangapi?

Jumamosi mama alitutuma, baba na mimi, tukaulizie. Kututuma sisi wawili dukani ni sawa na kutotuma mtu. Mwenye duka ni mtu wa maneno na kofia yake ya kufuma, anakaa nyumba ya nyuma yetu, lakini mimi nilikuwa namjua kwa kukohoa tu, ng'ambo ya ukuta.

"Karibuni, karibuni! Jirani, huyu nani?"

"Mwanangu," baba akasema.

"Shikamoo," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, yaani hakuna aliyeisikia.

"Haongei?"

"Anaongea."

"Haya. Mnatafuta nini?"

Baba alinitazama, nami nikamtazama yeye. "Nimemsindikiza huyu," baba akasema.

"Na wewe binti?"

"Nimemsindikiza baba."

"Alhamdulillahi! Basi TV ndiyo iliyowatafuta nyie!" Akacheka mpaka kofia ikasogea. Kicheko chake kikanipa ujasiri kidogo, nikauliza kama picha ya nyumbani itakuwa hivi hivi, na magamba.

"Mnatumia dishi?"

"Antena," nikasema.

"Antena... Subiri." Akanikazia macho. "Wewe ndiye Milimani Kidogo?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Baba akakohoa, na nilijua anazuia kicheko.

"Mke wangu akikusikia tu anabandika chai," mwenye duka akasema. "Sasa sikiliza, binti. Bapa peke yake haikupi HD. HD inataka dishi na king'amuzi chake. Na dishi likishakazwa limekazwa. Upepo wote wa Same uje, halisogei. Hakuna tena mtu kutoka nje, hakuna kupiga kelele. Utapumzisha koo."

Alilisema kama habari njema, na kwa mtu mwingine ingekuwa njema kweli. Mimi nilihisi kama kitu kimenidondoka nikiwa natembea. Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika waya mmoja wa pale mezani, anaukunjua na kuukunja.

Mwenye duka alituruhusu tuichukue kwa majaribio, kwa ujirani. "Boksi msilitupe tu." Tukarudi nayo baba na mimi, kila mmoja upande wake wa boksi. Nilikuwa nataka nimuulize, bila upepo tutakuwa tunaongea nini? Swali kama hilo unalianzaje na mtu ambaye mwisho wa maongezi yenu ni "Nzuri"?

Jioni tuliifunga na king'amuzi cha zamani na zile nyaya zake za rangi tatu. Mama akaja na futi yake ya kupimia shingoni, akakaa mbele kabisa. Picha ikaja.

"Jamani," mama akasema, "hawa mbona wamenenepa?"

Kweli walikuwa wamenenepa. Picha ilikuwa imevutwa huku na huku, na ukungu ni ule ule, sasa mkubwa zaidi. "Yule dada jana alikuwa na shingo," mama akasema. Upepo nao ukafika, picha ikaganda, baba akatoka.

"Vipi?"

"Bado! Milimani! Milimani kidogo! Imekuja!"

"Niache?"

"Imekuja, lakini bado wanene!"

Nyuma ya ukuta mtu akaangua kicheko. Mama akainuka. "Unene hauponi kwa antena. Ama tufunge dishi, ama TV ya watu irudi dukani. Baba, unasemaje?"

Sauti ya baba ikaja kupitia dirishani. "Muulize huyo hapo. Ndiye mwenye macho."

Mama akanigeukia. Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilikuwa inanisubiri mimi, na mambo yenyewe ndiyo hayo: upande mmoja kazi ya mama na magamba ya samaki, upande mwingine bomba la chuma. Nikaomba nifikirie mpaka asubuhi.

Asubuhi upepo hulala. Nilitoka nikaenda kusimama chini ya antena, mahali ambapo sijawahi kusimama, maana mimi ni mtu wa dirishani. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilitaka kuona upepo unaingilia wapi.

Bomba lilikuwa limeshikwa na pingu ya chuma iliyopigiliwa ukutani, na kwenye pingu kulikuwa na nati moja. Ilikuwa imelegea. Niliigusa, ikazunguka kwa vidole, laini, bila kulia. Kila chuma kilicho nje hapa kwetu kinaota kutu, lakini nati hii ilikuwa inang'aa. Vidole vyangu vikatoka vyeusi. Nikavinusa: grisi. Harufu ya shati la baba.

Baba yangu, anayekaza mabenchi ya kanisa, spana ziko kwenye mfuko wa suruali hata siku ya mapumziko. Kila jioni analishika bomba hili, na nati iko usawa wa macho yake.

Nikafuta mkono kwenye majani, nikaingia ndani. Walikuwa wanakunywa chai.

"Tufunge dishi," nikasema.

Baba akaweka kikombe chini. "Una uhakika?"

"Nina uhakika." Mtu anayeipaka nati grisi ili isikaze, tuendelee kuitana dirishani, nilijiambia, hawezi kushindwa na dishi. "Ila antena isitolewe."

"Isitolewe," baba akasema upesi.

"Ya nini tena?" mama akauliza. "Ikae ya kufanyia nini?"

Baba akafikiri. "Ya kunguru."

Fundi dishi alikuja, akapanda juu ya bati, akauliza nani atamsomea mawimbi ndani. "Yupo," baba akasema. Nikasoma kwa sauti mpaka mstari wa mawimbi kwenye kioo ukajaa rangi ya kijani. Akishuka, fundi aliiona pingu ya antena. "Mzee, hii imelegea kabisa, nikukazie?"

"Iache."

Jioni ile tuliona. Mama ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Aliinuka akaenda kuweka kidole kwenye kioo, kwenye mkono wa gauni la wifi mtu. "Hii siyo darizi! Ni lesi imebandikwa, tena uzi hata haufanani! Kumbe na wao wanalipua kazi!" Alifurahi kama aliyeshinda kesi. Mimi nilikuwa nasubiri taarifa ya habari. Yule mtangazaji ambaye miaka yote nilimwona hana wasiwasi kama ukuta, nilimwona ana jasho juu ya mdomo, na karatasi mkononi mwake inatetemeka kidogo sana. Nilimtazama mpaka mwisho. Sikusikia hata habari moja.

Upepo ulikuja, ukapiga mabati. Picha haikusogea. Baba alikaa na mikono juu ya magoti, akawa anatazama mlango kuliko TV.

Jioni iliyofuata upepo ulipoanza, aliinuka. Mama akasema, "Unaenda wapi? Picha ipo." Baba alikuwa ameshatoka. Nikasikia viatu vyake kwenye kokoto, halafu bomba likalia kidogo.

"Vipi?"

Picha ilikuwa safi kama maji ya glasi. Waya wa antena ulikuwa umezungushwa na kuning'inizwa kwenye msumari, haujaunganishwa na kitu chochote. Nikaenda dirishani.

"Bado!" nikasema.

Mama akanitazama kama nimepandwa na homa.

"Sasa?"

"Milimani kidogo, baba!" Halafu, kwa kuwa nilikuwa na sauti na hapakuwa na kitu cha kuharibika, nikaongeza, "Leo mwalimu aliuliza swali la baiolojia, nikanyoosha mkono!"

Bomba likazunguka.

"Ukapata?"

"Nikakosa! Umepitiliza, rudi barabarani!"

"Swali lenyewe lilikuwaje?"

Nikamweleza, kwa sauti, mtaa mzima ukisikiliza, habari za magamba na mistari yake. Mama alikuwa ameshika mdomo kwa futi yake, mabega yanatikisika. Ndipo mwenye duka akapaza sauti kutoka nyuma ya ukuta, sauti ya mtu aliyeudhika.

"Jamani, hiyo TV ni mpya! Niwaletee fundi?"

"Hapana, jirani," baba akajibu, akiwa bado ameshika bomba. "Ndiyo kwanza inakuja."