Bini Imekufa

Mwezi jana nilirudi Garissa, gari likaanza kugonga, nikalipeleka kwa fundi karibu na soko la mifugo. Kijana alipokwisha kuifungua injini akaninyooshea chuma kifupi cha duara, akasema bila hata kuniangalia, "Mathe, pini imekufa." Wee! Jua lile la saa saba, na mimi nasisimka mwili mzima. Yeye hakujua amesema nini. Kaa nikueleze, rafiki yangu.

Baba tulimjua kwa sauti kabla ya sura. Lori lake lilipeleka sukari Mandera na kurudi na mbuzi, na injini yake ilikuwa na kishindo chake: ko-ko, ko-ko. Kikisikika upande wa daraja, hooyo, mama yetu, aliinjika chai ya maziwa ya ngamia. Ayeyo, mama yake baba, alitia ubani kwenye makaa. Sisi watoto tuligombania kuondoa komeo la lango, na mimi ndiye niliyekuwa na viwiko vikali.

Miaka ile ya tisini, msimu wa mafuriko, lori lilikutwa limekwama kwenye tope mbele ya Modogashe. Mlango wa dereva wazi, viatu vyake vimepangwa vizuri chini ya usukani, mwenyewe hayupo. Likavutwa hadi uani kwetu, maana adeer, mdogo wake baba, alitaka litengenezwe alipande akamtafute. Hakuna aliyethubutu kutamka kwamba amekufa. Hooyo bado alimwekea baba chakula chake.

Fundi alikuwa mtu wa Mwingi, mcheshi ajabu, lakini alikuwa amekaa Garissa mpaka p yake ikageuka b kama yetu Wasomali. Alitandaza turubai kwenye kivuli cha ukuta. Pini mpya, zile za kuunganisha pistoni na mkono wake, zilikataa kuingia. "Hii haitaki nyundo, inataka kubembelezwa," akasema, akaazima sufuria ya pilau ya ayeyo, akazichemsha pistoni kama viazi. Ayeyo alisonya! Lakini sote tulisogea kutazama. Pistoni ilitoka kwenye maji ikifuka mvuke, akagusisha pini kwa kidole gumba, nayo ikateleza yenyewe, kimya, utadhani kuna mtu ndani anaivuta. Hooyo aligeuza uso.

Ilikuwa adhuhuri, saa ambayo watoto tulikatazwa kutoka nje kwa ajili ya majini, ingawa siku ile hakuna aliyetukumbuka. Hata mbuzi walikuwa wamenyamaza. Fundi akainua pini ya zamani, imelika upande mmoja, akamwonyesha ayeyo kwa furaha kwamba amekipata kilichokuwa kikigonga.

"Mama, bini imekufa. Imekufa zamani."

Sasa elewa. Kwa Kiswahili cha kwetu kila kitu "imekufa": tochi, mbuzi, mtu. Na "bini" ayeyo alijua moja tu, ile ya kwenye majina, fulani bin fulani. Mwana wa fulani.

Tasbihi ilisimama mkononi mwake. "Nani ameambia wewe?"

"Injini yenyewe, mama. Ilikuwa inalia siku zote, nyinyi hamjui tu."

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," akasema ayeyo, akajifunika shuka usoni. Adeer alimweleza kwa Kisomali kwamba ni chuma, chuma tu! Fundi maskini aliomba radhi mpaka akatoka jasho. Ayeyo aliichukua ile pini, akaipangusa mafuta, akaifunga kwenye ncha ya mtandio wake.

Lori likawaka, laini, bila kishindo. Adeer akaondoka nalo.

Siku chache baadaye, adhuhuri tena, tukasikia upande wa daraja: ko-ko, ko-ko. Wallahi nilisikia. Mbuzi wote walikuwa wamegeuka wanatazama lango. Hooyo alikurupuka na birika mkononi, ayeyo akamdaka gauni. "Usifungue. Ya kwanza haijibiwi." Kwetu, ukiitwa mchana mtupu na usiyemwona, unangoja, aliye hai huita mara ya pili. Tukangoja. Sauti haikuita tena.

Kesho yake tulishtukia lori limesimama langoni. Lilikuwa kimya hata hatukulisikia likija. Adeer akashuka, kofia ya baba mikononi. Hooyo alipiga ukunga, mimi nikaziba masikio.

"Fundi aliniambia," akasema ayeyo, akaanza kufungua ncha ya mtandio.

Ayeyo hayupo siku hizi, ua ule umejengwa maduka, na kwenye lami malori yanapita bila kutambulika. Gari langu nalo limepona, haligongi kabisa. Juzi nilifika nyumbani, binti yangu akashtuka kunikuta nyuma yake jikoni.

"Mama, umeingia lini? Sikusikia gari likija."