Mate kwenye Upinde wa Fidla

Nichekeni taratibu, maana jambo lenyewe ni la juzi tu, na bado naikwepa njia ya stesheni.

Mimi ni mpiga zeze wa hapa Dodoma. Mke wa Mjerumani mmoja wa reli ndiye aliyenifundisha fidla, kisha akaandaa maonyesho katika banda la stesheni: yeye kwenye piano, mimi nimesimama ndani ya koti la mumewe. Tungeanza na muziki wa kwao, halafu nipige peke yangu wimbo wa Kigogo. Kwa majivuno nikamwalika baba mkwe kutoka Bahi, fundi wa zeze ambaye hajawahi kunisifu.

Upinde wa zeze letu ukikauka, tunaulowesha kwa mate. Wa fidla hupakwa utomvu mkavu, na maji ni adui yake. Nilijua vizuri sana. Lakini Wajerumani wote waliponikodolea macho, nikasahau, nikatema.

Bibi, mwalimu wangu, akaanza kupiga piano. Nikavuta upinde, ukateleza kimya kama kambale. Basi nikafumba macho, nikayumbayumba, nikakunja uso kama mtu aliyezama katika muziki, huku piano ikinisitiri. Watu wakanong'ona kwa mshangao. Nilipochungulia, baba mkwe alikuwa anatabasamu!

Kisha Bibi akaacha piano na kuninyooshea mkono. Zamu yangu. Nikavuta, nikavuta tena. Banda zima likasikiliza kikohozi cha mtu mmoja.

Baba mkwe akasimama kunisaidia, akapaza sauti:

"Tema tena, mkwe wangu! Yale ya kwanza yamekauka!"