Perege wa Milembe

Milembe, jirani yangu, alikuwa mjane, na kama Bariadi ilipata kuwa na mwanamke wa kulipa kisasi, ni yeye. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa wengine tulilia. Yeye alichimba bwawa nyuma ya nyumba, la kumwagilia mchicha. Akalizungushia minyaa ng'ombe wasiingie. Kila asubuhi aliopoa majani yaliyoanguka kabla hayajaoza, na perege aliowaleta kutoka Kalemela, kule ziwani, walikula viluwiluwi vya mbu. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini. Wanawe walikula kutokana na bwawa lile.

Sasa Kasmiri, balozi wetu wa nyumba kumi, akamaliza kupulizia pamba yake dawa, akaja kuosha pampu humo humo bwawani. Nilimwona kwa macho yangu! Asubuhi perege wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

"Hilo ni joto tu," alisema. "Pampu niliosha kwangu. Huyu Sayi macho yake yamezeeka."

Nilichemka. Milembe wala. "Mwache, Sayi. Atanijua."

Siku ileile kulikuwa na mkutano wa kijiji. Milembe akaja na ugali wa moto na perege wale wale, amewakaanga. Kwetu ukikaribishwa chakula ukakataa hata kuonja, ni kama umemwita mwenyeji mchawi. Akapiga goti mbele ya Kasmiri, heshima zote.

"Karibu, baba. Samaki wa joto hawana neno."

Kasmiri akamega tonge. Tonge likabaki mkononi, jasho linamtoka.

"Tumbo... tumbo linaniuma."

"Onja tu, baba."

Hakuonja. Mwenyekiti akamtazama. "Basi, balozi, umeshajibu. Utalisafisha bwawa."

Kasmiri akayachota maji yote kwa ndoo, akayamwaga kwenye shimo mbali na bustani, kisha akakwangua tope. Milembe amekaa kwenye kigoda: "Bado hapo pembeni, baba." Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na sijutii hata kidogo.

Mvua zikalijaza bwawa, perege wapya wakakua. Sahani ya kwanza Milembe aliipeleka kwa Kasmiri, watu wamejaa uani kwake.

"Wewe umeshakula?" Kasmiri aliuliza.

"Anza wewe, baba."

Alikula. Alinusa kila tonge kabla ya kulitia mdomoni, na Milembe hakuinuka mpaka alipomaliza na kichwa cha samaki.