Begonia za Babu Gidamis na Magadi ya Balangida

Babu yangu Gidamis amechunga ng'ombe miaka sitini huko Gehandu na hajawahi kushika jembe. Anasema hivyo mwenyewe, kama mtu anayesema hajawahi kuiba. Mwaka juzi nyonga ilipomkataa, wajomba walibaki na mifugo, mama yangu Scolastica akamleta kwetu Katesh, ghorofani. Huku juu hakuna cha kuchunga. Wiki ya kwanza alihesabu pikipiki zinazopita chini. Wiki ya pili akaacha, alisema pikipiki hazina majina.

Ndipo masista wa parokiani, anaowashonea nguo, wakampa mama miche minne ya begonia. Mama akaipanda kwenye masanduku ya mbao pale balkoni, kisha akarudi kwenye cherehani yake na kuisahau. Babu hakuisahau.

Begonia inadeka. Ukiimwagilia sana, shina linaoza. Ukiisahau siku moja, inainamisha majani kama mtoto aliyenyimwa andazi. Jua la saa sita haitaki, na upepo wa mlima Hanang ndiyo kabisa. Babu akaijua kila moja kwa tabia yake, akaipa majina kama ya ng'ombe: Kijivu, Madoa, Mkorofi na Pembemoja. Alfajiri alikuwa anaisalimia kabla yetu sisi. Upepo ukianza, anavua shuka lake anaifunika, yeye anabaki na fulana anatetemeka.

"Baba, utapata homa," mama anamwambia.

"Hawa wana mimba," babu anajibu. Maana yake zimetoa matumba.

Rafiki yake wa tangu ujana ni mzee Bonaventura, mkulima wa Maretadu. Anakaa na ng'ombe wawili wa babu. Kwetu ndivyo ilivyo: unamwekea rafiki yako ng'ombe zizini kwake, maziwa anakunywa yeye, ndama anabaki wako. Jumamosi akishaleta maharage yake sokoni, mzee Bonaventura hupanda kwetu kunywa chai na kumtania babu.

"Gidamis, wewe hata magugu yakikuona yanakauka."

"Yakauke. Mimi silimi, nafuga."

"Unafuga maua?"

"Njoo uangalie matumba, usinipigie kelele."

Bonaventura akaangalia, akarudi kwenye kiti anacheka. "Hata moja likichanua kabla ya Jumapili ya Matawi, nitakuchungia ng'ombe Gehandu siku nzima. Lisipochanua, unakuja Maretadu kunipalilia maharage. Mbele ya watu."

Mama akaanza, "Baba, usi..."

"Nimekubali," babu akasema. Mzee mfugaji wa Kibarabaig kushika jembe mbele ya wanawake wa Maretadu, habari hiyo ingefika Gehandu kabla ya jioni.

Zikabaki wiki mbili, matumba yamefumba tu. Babu akafikiri kama mfugaji. Ng'ombe asiponawiri anapewa nini? Magadi. Akaagiza magadi ya ziwa Balangida, akayasaga, akayachanganya na maji, akazinywesha zote nne. Mimi niliona kila kitu. Sikumzuia, maana hata mimi niliona ni akili sana.

Siku ya nne majani yalikuwa ya kahawia pembeni. Matumba yakaanza kudondoka. Kijivu akafa, akafuata Madoa, akafuata Mkorofi. Babu alikaa balkoni hakula ugali wake.

Jumamosi Bonaventura alipokuja, alichota udongo kidole kimoja, akaulamba, akatema hadi barabarani.

"Gidamis! Umewapa magadi?"

"Kidogo tu."

Bonaventura alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha, bila kuombwa, akachukua ndoo akaanza kuosha udongo wa Pembemoja, ndoo baada ya ndoo, maji yakichuruzika chini, hadi Renatus, kinyozi wa chini, akapanda na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Shikamooni wazee. Mvua hii inaisha saa ngapi?"

Jumapili ya Matawi ikapita. Pembemoja alikuwa na tumba moja, limefumba. Jumanne babu akapanda basi la Maretadu, nami nikimsindikiza, sanduku la Pembemoja liko mapajani kwake.

"Mzee, hilo tuliweke kwenye keria," konda akasema.

"Ndama mgonjwa wa baba yako ungemweka kwenye keria?"

Shambani wanawake waliacha kupalilia wote. Philomena, mke wa Bonaventura, akamletea babu kigoda kwa ajili ya nyonga, na jembe. Babu akalishika kama fimbo. Mstari wa kwanza aling'oa maharage, magugu akayaacha.

"Shemeji, hayo ndiyo maharage!" Philomena akapiga kelele.

"Mbona hayakunisalimia?"

Walicheka hadi wengine wakaegemea majembe. Lakini babu hakuondoka. Alisogeza kigoda, akapalilia. Mstari wa tatu ulikuwa unafanana na mstari.

Saa tano akaenda kumwangalia mgonjwa wake kwenye kivuli cha ghala. Akakawia huko, ikabidi tumfuate. Tumba lilikuwa limefunguka, jekundu, dogo kama kizibo cha soda.

"Limechanua shambani kwangu," Bonaventura akasema. "Ni langu."

"Bonaventura, wale ng'ombe wangu wakizaa zizini kwako, ndama ni wa nani?"

Wanawake wakasogea wamsikie. Bonaventura akajikuna kisogo.

"Ni wako."

"Basi wewe litazame. Hayo ndiyo maziwa yako."

"Sawa. Lakini mistari bado miwili."

"Najua kuhesabu," babu akasema, akarudi kwenye kigoda chake.

Tulirudi Katesh bila sanduku; Pembemoja alibaki kwa Bonaventura, pamoja na wale ng'ombe. Jumamosi iliyofuata Bonaventura alipanda ngazi taratibu, mkononi ana kipande cha shina la Pembemoja chenye majani mawili, kimepandwa kwenye mfuko wa maziwa.

"Ndama wako huyu," akasema. "Na magadi Scolastica ayafungie kabatini."