Mtoto Aliyekataa Kushuka Baiskeli

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kila asubuhi natoka Idsowe kwenda Garsen kwa baiskeli. Nalisema hili mapema ili msomaji asinionee huruma bure, maana mwalimu akianza tu kusimulia habari za baiskeli watu hudhani anataka kulalamikia mshahara. Sina malalamiko. Baiskeli yangu naipenda. Aibu ninayotaka kuieleza haikuletwa na umaskini, na ningefurahi sana kama ingekuwa hivyo.

Binti yangu mkubwa yuko gredi ya nane, katika uwanja uleule wa shule ninayofundisha, kwa hiyo tulikuwa tukienda pamoja, kila mmoja na baiskeli yake, yeye mbele, mimi nyuma. Nilimweka mbele ili nimwone. Kumbe nilijitafutia taabu, kwa sababu kila alichokifanya barabarani nilikiona pia.

Wanaoijua njia yetu wanajua kwamba kingo za lami zimeliwa na mafuriko. Kando ya lami kuna tope au mwinuko, na baada ya tope kuna mathenge, ule mti wa miiba ambao mbuzi wanaupenda na matairi hayaupendi. Sisi waendesha baiskeli tuna utaratibu wetu na hakuna aliyetufundisha. Ukisikia gari nyuma yako, unageuza shingo, unashuka, unaingia kwenye majani na kusubiri lipite. Wengine huinua mkono kumshukuru dereva, kana kwamba amewafanyia hisani kwa kutowaua. Mimi nilikuwa katika hao wenye kuinua mkono. Nimewahi kuliinulia mkono lori lililonirushia matope mpaka mdomoni.

Na huyuhuyu anayeingia majanini ndiye anayefundisha usalama barabarani katika gredi ya nne. Huchora ubaoni barabara, njia inayochepuka, gari na baiskeli, kisha huuliza: gari linakata kona, baiskeli inanyoosha, nani ampishe mwenzake? Darasa zima hupaza sauti: gari! Kwenye mtihani ni swali la maksi mbili. Nimelifundisha miaka yote hii kama ninavyofundisha kwamba kilele cha Mlima Kenya kina barafu: ni jambo la kweli, lakini ni la huko.

Binti yangu alipita kwenye darasa langu la gredi ya nne, akalijibu swali lile vizuri na kupata maksi zake mbili. Ila yeye, tofauti na watoto wote niliowahi kuwafundisha, akaamini.

Alipopata baiskeli yake mwenyewe akaanza kukataa kushuka. Hakujitanua katikati ya lami, hapana. Alishika ukingo wake wa kushoto, mgongo umenyooka, na gari likija nyuma yake aliendelea tu.

"Shuka, mama!" nilimpigia kelele.

"Baba, barabara si pana? Apite tu."

"Nakwambia shuka!"

"Juzi nilishuka nikatoka na miiba mitatu kwenye tairi. Wewe ndiye uliyeziba pancha."

Kweli mimi ndiye niliyeziba. Lakini madereva walikuwa wakipiga honi, na wengine walionijua walitoa kichwa dirishani: mwalimu, mtoto wako huyo! Nami nikawa nawainulia mkono nyuma ya mgongo wake, nikiwaomba radhi kwa niaba yake, naye hajui. Nilimwonea aibu mtoto wangu. Niliona amenivunjia heshima mbele ya pikapu za watu.

Siku yenyewe tulikuwa tumeshaingia karibu na mjini, pale njia ya vumbi inapochepuka kushoto kuelekea sokoni. Pikapu nyeupe ikatukuta kwa nyuma. Mimi nikashuka kama kawaida yangu. Ikanipita, ikamkuta binti yangu, ikamtangulia kidogo tu, kisha ikakata kushoto mbele yake. Taa ya kona niliiona ikiwaka wakati gari limeshageuka. Bodi ya nyuma ikagonga usukani wa baiskeli, na mtoto akaangukia mkono.

Nilikimbia. Ningependa kuandika kwamba nilimuuliza kama ameumia. Nilichosema ni, "Si nilikwambia ushuke!" Kisha nikamgeukia dereva, mzee mmoja wa mjini tunayeheshimiana, ambaye alikuwa anateremka. Nikamwambia, "Samahani, mzee. Samahani sana. Huyu mtoto hasikii."

Alipapasa ubavu wa gari kwa kiganja, akatazama kama rangi imetoka. Haikutoka.

"Haina neno, mwalimu," akasema.

Akatusamehe. Akatupakia, baiskeli iliyopinda ikatupwa nyuma, akatupeleka hospitalini, nami njia nzima namshukuru. Binti yangu alikuwa ameukumbatia mkono wake, meno ameyauma. Alisema neno moja tu: "Baba, si yeye ndiye aliyekata?" Nikambonyeza goti anyamaze.

Mkono ulikuwa umevunjika karibu na kifundo. Wakaufunga plasta. Nyumbani mama yake aliniuliza imekuwaje, nikasema gari limemgonga, ajali tu. Mtoto akaeleza upya mwanzo hadi mwisho, wala hakuongeza chumvi. Alieleza hata mahali niliposimama mimi, kwenye majani. Mke wangu akaondoka akaenda kuongeza maji kwenye sufuria ya wali, jambo ambalo wali wenyewe haukulihitaji.

Wiki iliyofuata habari ilikuwa imezunguka, na ilikuwa imezungushwa na mzee mwenyewe. Hakuisema kwa ubaya, ila kwa namna alivyoiona yeye: mtoto wa mwalimu amejitupa chini ya gari lake. Shuleni wenzake wakaanza kumwita Trela, eti kama lori la trela hampishi mtu njia. Hata walimu wenzangu walicheka walipolisikia, nami nikacheka nao kidogo, ili nisionekane nimekasirika.

Mzee akatuma salamu kwamba Jumamosi atakuja kutoa pole. Jioni ile binti yangu akaja nilipokuwa nimekaa, akasimama mbele yangu na ule mkono wake mweupe.

"Baba, akija useme kwamba si makosa yangu."

"Nitasema."

"Mbele yake. Asikie. Sitaki kitu kingine."

Sikuwa nimewahi kuombwa kitu chepesi hivyo na mtoto. Wengine wangedai baiskeli mpya. Nikaahidi, na mama yake akiwa anasikia.

Siku zilizofuata nilifanya mazoezi. Nikiwa shambani napalilia mpunga niliisema ile sentensi kwa sauti, kwa upole, kwa ukali kidogo, kisha kwa upole tena: Mzee, tunakushukuru kwa kuja, lakini mtoto alikuwa na haki ya njia. Nilikuwa na sauti nzuri sana pale shambani.

Mzee akaja Jumamosi baada ya alasiri, amevaa kanzu safi, amebeba sukari, majani ya chai na unga. Nataka nieleweke hapa. Si mkubwa wangu wa kazi, sina deni lake, wala hakunitisha. Ni mtu mwema. Alikaa kwenye kiti tulichompa, akauliza hali ya mkono, akamuombea mtoto dua, akatusifia nyumba. Angekuwa mkorofi ningemweza. Watu wakorofi nawaweza, nina darasa la watoto sitini.

Binti yangu alikuwa akileta vikombe kimoja kimoja, kwa kuwa sinia lilikuwa limemshinda. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni.

"Siku ile mwalimu, nikwambie kweli, mtoto alinitokea tu," mzee akasema. "Mimi nshawasha taa, nshakata, mara naskia puu! Hawa watoto wa siku hizi wana haraka."

Aliniachia nafasi, na ilikuwa nafasi pana. Mke wangu akaniangalia. Mtoto alikuwa amesimama na kikombe cha mwisho, chai inatoa mvuke, anasubiri. Nikafungua mdomo.

"Watoto ni watoto, mzee," nikasema.

Nilijisikia nikilisema, kama mtu anayemsikia jirani akizungumza upande wa pili wa ukuta. Nikajaribu tena. Nikasema, "Lakini..." na mzee akainua macho, macho mema kabisa, akingojea. "Lakini tunamshukuru Mungu," nikamalizia. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya ila kuitazama sukari.

Ndipo binti yangu akakiweka kile kikombe mbele ya mgeni, akapiga goti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, akasema kwa sauti ya kawaida, "Samahani, mzee. Nilikosea mimi."

Mzee alifurahi mpaka akasahau chai. "Yameisha, mwanangu, yameisha! Wala sikuwa na kinyongo." Akanigeukia. "Mwalimu, huyu umemlea."

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante. Neno hilo lilininyima usingizi kuliko yote niliyoyanyamazia.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka kwenye gari, kama inavyopasa. Alipokuwa anageuza, nikamwongoza kwa mkono, rudi, rudi, njoo, hapo sawa. Nilirudi ndani nikakuta mke wangu ameingia chumbani na kufunga mlango. Sikuthubutu kubisha. Nikazunguka nyuma ya nyumba, jikoni, ambako binti yangu alikuwa anakusanya vyombo.

Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia, "Mama, wewe hukukosea."

"Najua," akasema.

"Wewe ulikuwa unanyoosha. Yeye ndiye aliyepaswa kungoja."

"Najua, baba. Si wewe uliyetufundisha?"

"Basi mbona umemwomba msamaha?"

Hakunitazama kwa hasira. Ningeipokea hasira kwa mikono miwili. Alinitazama kama anavyomtazama mdogo wake anaposhindwa kufunga kamba za viatu.

"Nilikuona umekwama," akasema.

Kisha akanisogezea beseni la maji, akaniomba nimsaidie kuosha vikombe kwa sababu daktari alikataza plasta isilowe. Nikachuchumaa nikaviosha, na yeye akawa anavipokea kimoja kimoja kwa ule mkono mzima.